Nyumba Iliyomngoja Mgeni

Hakuna nyumba, iwe ya mawe au ya makuti, isiyobadilika sura siku ya karamu. Msomaji, bila shaka umepata kuyaona mambo haya kwenu: ua hufagiwa mara mbili, viti huazimwa kwa jirani, sahani ambazo watoto hawaruhusiwi kuzigusa mwaka mzima hutolewa kabatini zikaoshwa, na mama, ambaye jana alisema hana kitambaa cha meza, leo hutoa kitambaa kilichodariziwa ambacho hukujua kabisa kwamba kipo. Ukiuliza sababu utajibiwa kwa neno moja tu: wageni. Jibu hilo huonekana limetosha, na aghalabu mtoto huridhika nalo. Lakini mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kuridhika upesi hivyo. Imempasa kuuliza sahani zile zilitoka wapi, nani alizinunua, na nani ataziosha wageni wakiondoka. Tena imempasa kuuliza kama kila mtu aliweza kuwa na wageni. Swali hili la mwisho huenda likakushangaza. Hata hivyo nataka kukuonyesha kwamba katika pwani yetu palikuwa na wakati ambapo watu maelfu walipika karamu, wakaandaa karamu, wakapepea karamu, wala hawakuwa na uwezo wa kumwalika hata mtu mmoja kwa jina lao wenyewe.

Tuanze na pepo, kwa kuwa pwani hii ilifanywa na pepo. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hata Machi, na zamani ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili, na ndiyo iliyoyarudisha kwao. Baharia hakuweza kubishana na utaratibu huo. Mfanyabiashara aliyefika Lamu au Mombasa kwa kaskazi alilazimika kungoja wiki nyingi, pengine miezi, kabla kusi haijampa ruhusa ya kuondoka. Hapakuwa na hoteli wala benki. Alihitaji mahali pa kulala, mtu wa kumwuzia bidhaa zake, mtu wa kumdhamini mbele ya wenye pembe na boriti, na mlango wa kufungia mali yake. Yote manne aliyapata kwa mtu mmoja, naye ni mwenyeji wake. Basi ukarimu wa pwani haukuwa tabia njema peke yake, ingawa tabia njema ilikuwamo. Ulikuwa ndio soko lenyewe.

Shahidi wetu wa kwanza ni Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331. Alipofika Mogadishu aliona mashua ndogo zikiiendea meli yao, na ndani ya kila mashua wamo vijana, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule hakushukia nyumba nyingine, isipokuwa kama alikuwa mzoefu wa mji na mwenye kufahamiana na watu. Na mwenyeji wake ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Tazama jinsi sahani moja ya chakula ilivyokuwa mkataba, bila ya karatasi wala muhuri.

Ibn Battuta mwenyewe hakuwa mfanyabiashara bali mwanachuoni, kwa hiyo alipelekwa kwa mtawala wa mji. Kabla hajapewa chakula aliletewa tambuu na popoo, akanyunyiziwa marashi ya Dameski. Kisha alipewa nyumba iliyotandikwa na kupambwa, na chakula kikaletwa huko. Alikieleza chakula hicho kwa uangalifu wa mtu aliyekifurahia: wali uliopikwa kwa samli, umewekwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga; ndizi mbichi zilizopikwa katika maziwa; maziwa ya mgando; na kando yake achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Alikula hivyo mara tatu kwa siku, siku tatu. Siku ya nne, ambayo ilikuwa Ijumaa, aliletewa mavazi ya kuvaa msikitini. Yapo mengi hapa ya kujifunza kwa mtu atakaye kujua namna ya kumpokea mgeni. Marashi yalitangulia chakula. Chakula kilitangulia mazungumzo ya maana. Na mgeni alivalishwa ili asione haya kusimama kati ya watu wa mji.

Kutoka huko alipita Mombasa, akalala usiku mmoja, akafika Kilwa. Sultani wa Kilwa wakati ule, al-Hasan bin Sulaiman, alikuwa na jina la sifa lenye maana ya baba wa zawadi. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri mmoja wa Yemeni alimsimamisha Sultani njiani alipotoka msikitini, akamwomba nguo zile zile alizozivaa. Sultani akarudi ndani, akazivua, akampa. Watu walisifu sana. Mwana wa Sultani akazitaka nguo za baba yake zirudi, akamlipa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hadithi hii imepata kusimuliwa mara nyingi kuonyesha ukarimu wa mfalme mmoja wa zamani. Mimi sikatai kwamba alikuwa mkarimu. Lakini nakuomba, msomaji, usiipite mbio. Katika hadithi hiyo wamo watu ishirini ambao hawakuulizwa kitu. Wao hawakuwa wageni wala wenyeji, walikuwa zawadi. Tutarudi kwao.

Sasa tuvitazame vyombo. Mwaka 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, alianza kufukua mji wa Gedi, uliojificha msituni karibu na Malindi, na ambao mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ndani ya nyumba za mji ule zilipatikana bakuli na sahani za kauri kutoka Uchina, nyingine zenye rangi ya kijani kama maji ya kina kifupi, nyingine nyeupe zenye maua ya buluu, pamoja na vyombo vya nchi za Waislamu. Baadhi ya nyumba zilipewa majina kwa vitu vilivyoonekana ndani yake, na mojawapo ikaitwa nyumba ya bakuli la kauri. Bakuli la Uchina lilifika Gedi baada ya kupita mikono mingi na bahari kubwa. Mtu hakulinunua ili anywee uji peke yake. Alilinunua lionekane. Hata makaburini lilionekana: kule Mambrui na kwingineko pwani, nguzo za makaburi zilipambwa kwa bakuli zilizozamishwa katika chokaa, kana kwamba maiti naye angali anapokea wageni.

Kwa nini bakuli? Mgeni aliyetoka mbali aliingia katika nyumba ya mtu asiyemjua, naye alitaka kujua kama mtu huyo ni wa kuaminiwa kwa deni. Ukuta ulimjibu. Aliona vyombo vya nchi alizozijua yeye mwenyewe, akatambua kwamba wenye majahazi wengine walimtangulia hapa, wakafanya biashara, wakaondoka salama. Mapambo yalikuwa barua ya kumjulisha mwenye nyumba kwa watu ambao hawakusoma maandishi yake.

Mgeni, hata hivyo, si kila mara huja kwa heri. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama na Wareno wake walifika Malindi. Mmoja katika watu wake aliandika habari za safari ile, na kwa kalamu yake tunaweza kumwona mfalme wa Malindi alivyojipamba. Alikuja baharini, maana nahodha alikataa kushuka pwani. Alivaa joho la hariri lenye ukingo wa atlasi ya kijani, na kilemba cha thamani. Aliketi juu ya viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli mkubwa wa atlasi nyekundu. Mzee mmoja alisimama karibu naye na upanga mfupi katika ala ya fedha. Walikuwapo wapiga tarumbeta wengi, na pamoja nao baragumu mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, kila moja urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Baragumu hizo ndizo tuziitazo siwa. Kwa siku tisa Wareno walikaa mbele ya mji, na siku zote zilikuwa za sherehe, michezo ya vita na muziki. Mfalme alipeleka kondoo sita na viungo vya namna nyingi. Wareno walitoa vazi moja, nyuzi mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia, kofia, kengele ndogo na vipande viwili vya kitambaa. Nadhani watu wa Malindi walizitazama kengele zile, wakatazamana, wakanyamaza kwa adabu.

Miaka saba baadaye, mwaka 1505, Wareno waliushambulia mji wa Mombasa, wakauteka nyara na kuuchoma moto. Katika mali waliyoichukua yalikuwamo mazulia mengi, na moja, lililopita mengine yote kwa uzuri, lilipelekwa kwa mfalme wa Ureno. Zulia hilo hatujui lilikuwa la nani. Twajua tu kwamba lilifumwa ili mtu akanyage kwa miguu mitupu baada ya kuvua viatu vyake mlangoni, na kwamba lilisafirishwa hadi Ulaya na watu walioingia na viatu.

Nataka sasa nikutembeze katika nyumba moja ya Lamu, ya namna iliyojengwa katika karne ya 18, wakati mji ule ulipositawi. Mji wenyewe uliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na baadhi ya nyumba hizo zipo hata leo. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari imeshikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuzidi urefu wake, vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Ukifika, hubishi moja kwa moja ndani. Kwanza wapanda daka, nayo ni sehemu iliyoezekwa mbele ya mlango, yenye viti vya mawe pande mbili. Hapo huketi mgeni wa muda, mwenye shauri dogo, au rafiki wa jioni. Ukikaribishwa, wapita mlango, wazunguka kona, kwa maana nyumba hizi zilijengwa ili jicho la mpita njia lisione ndani, ndipo watokea katika kiwanda, yaani ua mdogo usiofunikwa, wenye mwanga. Karibu na hapo, au juu kwa ngazi yake mwenyewe, kipo chumba cha wageni kiitwacho sabule. Mfanyabiashara aliweza kukaa humo msimu mzima wa pepo, akaingia na kutoka, asikutane na wanawake wa nyumba hata mara moja. Tafakari jambo hili: mwashi alimfikiria mgeni kabla hajaweka jiwe la kwanza.

Mbele ya kiwanda ipo misana, vyumba virefu vilivyofuatana, kila kimoja kimeinuliwa kidogo kuliko cha mbele yake, hata ufikie chumba cha ndani kabisa, nacho huitwa ndani tu. Ukuta wa huko ndio fahari ya nyumba. Umejaa zidaka, kama watu wa Lamu wasemavyo: vishimo vidogo vilivyopangwa safu juu ya safu, vikizungukwa na nakshi zilizochongwa kwa mkono katika chokaa. Mwanga kidogo ukitoka uani hupita misanani na kuzigusa zidaka hizo, vivuli vikaingia vishimoni, na ukuta ulio mzito kuliko mlima ukaonekana mwepesi kama kitambaa cha lasi. Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani, bakuli, chupa za marashi na vitu vya thamani. Chumba hiki hakikuwa cha mgeni wa biashara. Kilikuwa cha mambo makubwa ya nyumba. Hapo bibi arusi alionyeshwa kwa wanawake waliokuja kumtazama, amepakwa hina, amevishwa dhahabu, macho ameyainamisha.

Karamu ya arusi ilikuwa na mapambo yake yasiyodumu, nayo, kwa maoni yangu, yalikuwa bora kuliko sahani. Asumini zilichumwa jioni zikiwa bado hazijafunua, zikatungwa pamoja na rehani na majani mengine yenye harufu, zikawa vikuba vya kubandika kifuani au kutia katika nywele. Udi na ubani vilichomwa katika chetezo, na chetezo kikapitishwa chini ya nguo mpaka harufu ikashika uzi. Mgeni alinyunyiziwa marashi kwa mrashi wa fedha. Tasa na birika vililetwa ili kila mtu anawe asiondoke mahali pake. Sinia zilitandazwa juu ya mikeka, watu wakazizunguka, na mtu wa heshima kubwa akaketishwa katika kiti cha enzi, kile kiti kirefu cha mpingo kilichotiwa vipande vya pembe, chenye mgongo ulionyoka kiasi kwamba hakuna awezaye kusinzia ndani yake. Halwa na kahawa chungu vilikuja mwisho. Siwa ililia katika sherehe za wakubwa, nayo haikupulizwa kwa kila mtu. Ilikuwa alama ya wenye mji.

Fahari hii ilikuwa na mwisho wake, na wenyewe walijua. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi, miaka ya karibu na 1800, aliutazama mji wa Pate ulioanguka, akakumbuka majumba yaliyowaka taa na vyombo vilivyojaa kutani, akaona magofu. Lakini yeye aliomboleza walioketi karamuni. Sisi tuwatazame pia waliosimama.

Chini ya nyumba ya mawe, katika vyumba vya giza vya kuwekea vitu, walikaa watumwa. Wao ndio waliochota maji yaliyotiwa katika birika, wakatwanga mpunga, wakakuna nazi, wakaziosha sahani za Uchina moja moja kwa hofu ya kuzivunja. Tunayo picha ya maisha hayo kutoka Unguja. Mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni alizaliwa Salme, binti wa Seyyid Said. Mwaka 1866 alitoroka, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Anaeleza kuta nyeupe zenye vishubaka na rafu zilizopakwa rangi ya kijani, na juu yake kauri na bilauri za thamani zilizopangwa kwa ulinganifu. Anaeleza vioo vikubwa na saa za namna nyingi. Anasema kwamba kwa mapambo hayo hakuna gharama iliyoonekana kuwa kubwa. Naye alikuwa akiandika habari za nyumba iliyotumikiwa na watumwa wengi sana, na mama yake mwenyewe alikuwa suria aliyetolewa katika nchi ya Wacherkesi. Hata hivyo Salme hakuona ubaya mkubwa katika utumwa wa kwao. Aliyekulia ndani ya nyumba nzuri huona zidaka kwanza.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi siri ya mambo hayo. Neno mwungwana leo lina maana ya mtu mwenye adabu, anayejua kukaribisha na kukaribishwa. Zamani lilikuwa na maana ya mtu huru, asiye mtumwa. Maana hizo mbili zilikaa katika neno moja kwa sababu watu walidhani ni jambo moja. Mtumwa, hata apike vizuri namna gani, hata ajue kupanga sinia kuliko bibi yake, hakuhesabiwa kuwa na uungwana, kwa kuwa hakuwa na nyumba ya kumngojea mgeni.

Utumwa ulifutwa katika sheria ya Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Sheria hizo ziliandikwa na wakubwa wa serikali, zikatangazwa, zikawekwa katika majalada. Basi aliyekuwa mjakazi jana alifanya nini na uhuru wake leo? Vitabu vingi hutaja mashamba na mishahara, na ni kweli. Lakini wanawake wengi wa Mombasa walifanya jambo jingine tena: walialika watu.

Palikuwa na ngoma ya wanawake iitwayo lelemama. Wachezaji walisimama safu moja, wamevaa sare, wakatikisa mikono na kichwa kwa utulivu mkubwa. Kila kundi lilikuwa chama, chenye viongozi na vyeo, na vyeo vilipatikana kwa kutoa karamu. Vyama viwili vilivyojulikana sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ni Ibinaal Watan na Banu Saada. Humo waliingia wanawake wa asili mbalimbali, waungwana wa zamani pamoja na watoto wa watumwa, na mwanamke ambaye mama yake alipepea nzi katika karamu ya mwingine aliweza sasa kuketi mbele ya sinia yake mwenyewe, akawatazama wageni wake wakila. Chama kimoja kikichinja ng'ombe mmoja, cha pili kilitaka kuchinja wawili. Hawa wakishona sare mpya, wale walishona zilizo bora zaidi. Mashindano yalikuwa makali. Wapo waliouza dhahabu zao, na wapo walioingia katika deni ambalo lilikuwa zito kuliko karamu yenyewe.

Si wote waliofurahishwa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hata alipofariki mwaka 1947, alikuwa mtu wa marekebisho. Alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah, akaandika ndani yake kuwakemea watu wa mji kwa fujo ya mali katika arusi, matanga na ngoma, huku watoto wao wakikosa masomo na mashamba yao yakichukuliwa na wenye kuwakopesha. Aliandika kwa Kiswahili ili kila mtu afahamu. Mimi nakubali kwamba hoja yake ilikuwa ya kweli. Deni ni deni, na ng'ombe akiisha kuliwa hawezi kulipa ada ya shule. Hata hivyo naona kwamba hesabu yake haikukamilika. Yeye alihesabu kilichotoka mfukoni. Hakukihesabu kilichoingia, na pengine hakuwa mahali pa kukiona, maana karamu zile zilikuwa za wanawake na yeye hakuketi humo. Mwanamke aliyeuza kipuli chake ili watu waje kwake alinunua kitu ambacho hati ya mwaka 1907 haikumpa. Sheria ilisema kwamba si mtumwa. Ni wageni tu, walipovua viatu mlangoni pake na kunawa kwa tasa yake, walioweza kusema kwamba ni mwungwana.

Je, bei ilikuwa kubwa mno? Nimelifikiri swali hili mara nyingi wala sikupata jibu moja. Nikimwazia mtoto aliyekosa ada, nasema ndiyo. Nikimwazia nyanya yake aliyekula maisha yake yote kwa kusimama, ulimi wangu huwa mzito. Wanawake wenyewe walitafuta njia. Kwenda mwisho wa miaka ya 1950 mashindano ya ngoma yalipungua nguvu, na kutoka katika jamii ile ile ya vyama viliinuka vyama vipya vya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, vilivyojishughulisha na elimu na maendeleo. Ushindani haukufa, ulibadili uwanja. Waliozoea kukusanya fedha za sare na ng'ombe, kugawa kazi na kupanga mamia ya watu wakae na kula bila ya ugomvi, hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuendesha mkutano.

Siku hizi karamu nyingi zimetoka majumbani zikaenda katika kumbi za kukodi. Viti huvishwa vitambaa vya kung'aa, mafundo makubwa yakafungwa mgongoni. Jukwaa la bibi arusi hujengwa kwa mbao na maua yasiyonyauka, na taa za rangi hufanya kazi iliyofanywa zamani na zidaka. Mapambo yote hufika kwa gari asubuhi, na usiku hurudi yalikotoka. Baadhi ya wazee huyadharau. Mimi sioni sababu ya kudharau, kwa kuwa hata bakuli la Uchina lilikuwa kitu kigeni siku ya kwanza. Lakini nikialikwa, hupenda kutazama mlangoni kama yupo mtu wa kugawa vikuba, na mara nyingi yupo, na asumini zake zimechumwa jioni ile ile.

Ukipata kufika Lamu, ingia katika makumbusho yaliyo mbele ya bahari. Utaziona siwa mbili, ile ya pembe za ndovu iliyotoka Pate, ndefu kuliko mtu, na ile ya shaba ya Lamu yenyewe. Zimekaa kimya, hakuna anayezipuliza. Kisha ngoja jioni, na kama ni msimu wa arusi, toka uende kichochoroni. Huenda ukasikia sauti kavu ya vijiti vikigonga pembe za nyati, na wanawake wengi wakiimba kwa zamu wakielekea nyumbani kwa bibi arusi. Hilo ni vugo. Jibanze ukutani uwapishe, maana kichochoro ni chembamba na wao ni wengi.